Nilinunua Lenzi Kubwa, Nikamkosa Mama

Mpenzi msomaji, leo naomba niweke pembeni kalamu ya uhariri niungame. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuhariri mambo ya wenzangu: ndoa zao, mikopo yao, siri walizowaficha waume zao. Nakata sentensi, naongeza koma, huku moyoni nikijiuliza, "Hivi huyu dada alikuwa anafikiria nini?" Leo huyo dada ni mimi. Na kilichoniponza siyo mwanaume wala kikoba. Ni lenzi ya kamera.

Usicheke kwanza. Ukimaliza kusoma ndipo ucheke, au unionee huruma, vyovyote utakavyoona.

Mimi ni mzaliwa wa Malangali. Siyo ile ya Mufindi yenye sekondari maarufu, hapana. Nazungumzia Malangali ya Sumbawanga mjini, kule juu Ufipa ambako mwezi wa saba unaamka asubuhi ukivuta pumzi unaona moshi unatoka mdomoni. Nilikuja Dar kusoma chuo, shahada ya mawasiliano ya umma, na tangu hapo nyumbani nikawa mgeni wa Krismasi na harusi. Chuoni ndiko nilikoshika kamera kwa mara ya kwanza, na ugonjwa ukaanzia hapo. Nilipopata kazi nikawa naazima kamera ya ofisi kila Ijumaa na kuirudisha Jumatatu, mpaka mtunza vifaa akawa ananiita "mke mwenza".

Basi, mwanzoni mwa 2023 nikasema liwalo na liwe. Nikanunua ya kwangu, Canon EOS RP iliyotumika, toleo la 2019.

Kwanza tuelewane

Kwa msiojua, hizi ndizo kamera ambazo mafundi wa Kariakoo wanaziita "mirolesi", yaani hazina kile kioo cha ndani kilichokuwa kinarusha picha kwenye tundu la kuchungulia. Sony ndio waliotangulia kuzitoa zenye fokasi ya kujiendesha na sensa kubwa, mwaka 2013. Nikon na Canon wakafuata mwaka 2018. Na ninaposema sensa sina maana ya ile ya kuhesabu watu. Ni kile kipande kinachopokea mwanga, ambacho kimechukua kazi ya mkanda wa filamu. Kikiwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kamera inaitwa fulu fremu. Ni kipimo kile kile cha picha moja kwenye mkanda wa zamani, tangu kamera za Leica zilipoingia sokoni mwaka 1925. Kwa hiyo yule mpiga picha aliyekuwa anapita Malangali na baiskeli siku za Idi na Krismasi, sisi tukiwa wadogo, naye alikuwa fulu fremu. Hakujisifu tu.

Sasa kamera bila lenzi ni kama jiko bila sufuria. Hapo ndipo kichwa changu kilipopata moto.

Nilikuwa na lenzi ya kuazima ya ofisini, ya kuvuta, inayoanzia milimita 24 hadi 105. Ilinitosha kabisa. Lakini nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha, na humo ndani kama huna "lenzi nyeupe" wewe ni mpita njia. Si unazijua? Zile ndefu zinazobebwa na jamaa wa maharusi makubwa, mtu akipita nayo ukumbini hata MC anampisha. Ya kwangu ilikuwa 70 hadi 200, tundu la f 2.8, uzito wake zaidi ya kilo moja. Niliipata kwa mtu, imetumika kidogo, shilingi milioni nne na nusu.

Kabla ya kulipa nilijifanya mjanja. Niliwasha tochi ya simu nikaimulika lenzi kutoka nyuma, nikachungulia kwa mbele kutafuta ukungu, maana joto la Dar na unyevu wake huotesha ukungu ndani ya vioo. Ilikuwa safi kama maji ya mtungini. Nikatoa hela.

Nyumbani nikamwambia mume wangu nimenunua kwa milioni moja na nusu.

Ndiyo. Nilimdanganya. Hela ilikuwa yangu, nimeitolea jasho kwa kuhariri vitabu vya watu usiku, lakini tulikuwa tumekubaliana kila kinachozidi milioni moja tunakaa tunaongea. Alipoiona alisema tu, "Mama watoto, kwa ukubwa huu umepata bei nzuri." Nikacheka naye. Usiku ule sikulala vizuri.

Harusi ya Malangali

Desemba 2023 mdogo wangu wa kiume akaoa. Tukasafiri zile kilomita zaidi ya 1,100, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, mpaka nyumbani. Nilikuwa na begi la nguo moja na begi la kamera moja, na lenye heshima ni la pili.

Asubuhi nyumbani, mama alitakiwa kumpokea bibi harusi sebuleni na kumwombea. Sebule ya mama unaijua hata kama hujaifika: makochi yenye vitambaa, kabati la vyombo, meza katikati, picha ya Bikira Maria ukutani. Hatua nne kwa tano. Nikanyanyua lenzi nyeupe, nikaona sikio la shangazi. Nikarudi nyuma, nikagonga kabati. Nikatoka nje kabisa, nikapiga kupitia mlangoni, na mlangoni kulikuwa na wajomba watatu.

Ukumbini usiku nikasimama mwisho kabisa, karibu na spika. Kila nilipompata mama, alipita mtu: mpambe, mtoto, mwanakamati na bahasha zake. Mama alipocheza na kina mama wenzake kuingiza zawadi, vigelegele vikalipuka, nikabonyeza kama bunduki. Nilirudi Dar na picha 1,460. Keki ilitoka vizuri. Pete ilitoka vizuri sana. Mama yumo katika picha tisa, na sita kati ya hizo ni mgongo na kilemba.

Nilimtumia mama zile nzuri kwenye simu ya mdogo wangu. Akanipigia. "Nzuri sana mwanangu. Mungu akubariki na kazi yako." Nikaridhika. Mwezi wa tano akaniambia kwenye simu kwamba siku hizi kuna ukungu sana, hata kwenda jumuiya anaogopa kujikwaa. Nikamwambia ajifunike, baridi ya kwetu ndiyo inaanza.

Darasa la kijana wa studio

Julai 2024 nikachukua likizo nikaenda nyumbani peke yangu. Niliazimia kumsafishia mama picha za harusi aweke ukutani. Jirani pale Malangali kuna kijana ana studio ndogo, anapiga pasipoti na kusafisha picha, wikiendi anapiga harusi na ubatizo. Nikamkabidhi kadi yangu kwa madaha kidogo, lenzi nyeupe ikining'inia begani. Akazipitisha picha kwenye kompyuta. Kimya. Halafu akasema kwa adabu zote:

"Samahani dada. Hii harusi uliipigia dirishani?"

Nilitaka kununa. Lakini alikuwa na haki, na alichonifundisha siku ile sikukipata chuoni wala kwenye lile kundi la WhatsApp. Nakupa na wewe.

Kwanza aliniuliza, "Dada, unapenda kupiga nini?" Nikasema watu. Akasema tusibishane, tuangalie. Kumbe kila picha ya kidijitali huandika ndani yake lenzi iliyotumika na urefu wa fokasi kwa milimita. Tukafungua kompyuta yangu, zile picha nilizopiga mwaka uliotangulia kwa lenzi ya ofisi inayoanzia 24 hadi 105. Zilikuwa 812. Zaidi ya 500 nilizipiga kati ya milimita 35 na 55. Yaani mkono wangu ulikuwa umeshachagua siku nyingi, mimi ndiye niliyekuwa sijauuliza. Halafu nikaenda kununua lenzi inayoanzia 70.

Pili, akachukua tepu ya fundi cherehani. Akaniambia lenzi ni umbali. Kwenye fulu fremu, ukitaka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kichwa mpaka viatu na nafasi kidogo juu na chini, kamera ukiisimamisha wima, kwa milimita 35 unasimama mita mbili hivi. Kwa 50 unahitaji karibu mita tatu. Kwa 85, karibu mita tano. Kwa 200, mita 11. "Sasa dada, sebule ya mama ina mita 11?" Nikakumbuka kabati la vyombo.

Nikamuuliza kuhusu pua. Si wanasema lenzi pana inakuza pua? Akasema pua haikuzwi na lenzi, inakuzwa na ukaribu. Ukimsogelea mtu mpaka unahisi pumzi yake, pua lazima iwe kubwa kwa sababu iko karibu na wewe kuliko masikio. Ukisimama mita moja na nusu au mbili, uso unarudi kuwa uso. Ndiyo maana wa picha za sura wanapenda 85: inawapa uso uliojaa bila kumkaba mtu.

Tatu, mwanga. Kumbi zetu unazijua, taa za rangi na giza, umeme ukikatika ni jenereta. Ile namba ya f kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya f 1.8 inaingiza mwanga karibu mara tano ya lenzi ya f 4. Maana yake pale ambapo ya f 4 inakulazimisha kuipandisha kamera aiso 6400, picha ikawa na chenga kama ugali wa dona, ya f 1.8 inakuruhusu kukaa kwenye 1300 hivi. Na ukiwa na milimita 50, ukishika kwa mkono, shata ya sehemu moja ya 50 ya sekunde inaweza kukutosha kama mtu ametulia. Kwenye 200, bila kitulizo cha mtikisiko, unahitaji sehemu moja ya 200.

Akafungua droo, akatoa lenzi ndogo kama kopo la maziwa ya kopo. Canon ya zamani, 50, f 1.8, gramu 160 tu. "Hii ndiyo imenijengea nyumba ya baba," akasema. Ilikuwa ya kamera za kioo, mimi nilikuwa na adapta. Hapa kuna jambo la kukufariji, msomaji: kamera za zamani za Canon lenzi ilikaa milimita 44 mbele ya sensa, hizi mpya ni milimita 20. Adapta ni bomba tu la kujaza zile 24 zilizobaki, na nyaya za mawasiliano. Halina kioo ndani, haliharibu picha. Kwa hiyo kama una lenzi za zamani za Canon, usikimbilie kuuza.

Akaniazima mpaka kesho yake.

Dirishani kwa mama

Asubuhi nikamweka mama kwenye kigoda karibu na dirisha. Kiangazi cha Ufipa kina mwanga mzuri jamani, hewa kavu, jua limelala. Nikavuta kiti changu mbele yake, mita moja na nusu, kwa sababu lenzi haivuti na ukitaka mtu kuanzia kiunoni lazima uwe hapo. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Sikumbuki mara ya mwisho nilikaa hivyo na mama yangu. Nikija huwa napika, napokea simu, naamkia wazee, naondoka.

Nikapiga nne tano. Hizi kamera mpya zinatafuta jicho zenyewe, kijiboksi kinatua juu ya mboni. Baadaye mpiga picha huikuza picha kwenye kioo cha nyuma kuhakikisha jicho limekaa kwenye fokasi. Nikakuza. Kope moja moja zilionekana. Lakini mboni ya jicho la kulia haikuwa nyeusi. Ilikuwa na weupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nikanyanyua uso nikamwangalia mama mwenyewe. Ilikuwa hivyo hivyo. Na la kushoto limeanza.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona mwanangu. Sauti yako naijua."

"Mama, si nakuuliza sauti."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nilikwambia kuna ukungu."

"Nilidhani ukungu wa nje, mama."

"Ukungu wa nje unaisha saa nne."

Msomaji, nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko. Lenzi ya mtu nisiyemjua niliimulika kwa tochi pande zote mbili, nikaigeuza, nikachungulia kama daktari. Macho ya mama yangu nilikuwa sijayaangalia. Na zile picha za harusi alizozisifia, hakuwahi kuziona hata moja.

Jioni nikampigia mume wangu. Nilianza na habari ya mama, nikamalizia na habari ya milioni nne na nusu. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Kilichoniuma siyo bei. Ungeniambia, ningekupinga, tungegombana, ukanunua. Sasa nitajuaje mengine?" Sikuwa na jibu. Baada ya muda akauliza, "Mama anahitaji nini?" Hayo ndiyo tuliyozungumza usiku ule wote.

Lenzi nyeupe niliiuza milioni nne na laki moja. Mdogo wangu na mkewe wakaongeza chao, mume wangu akaongeza chake bila kuambiwa.

Lenzi nyingine

Septemba 2024 mama akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Mtoto wa jicho ndio chanzo kikuu cha upofu duniani, na kumbe ni lenzi tu. Tumezaliwa na lenzi ndani ya jicho, ikizeeka inapata ukungu. Daktari anaitoa, anaweka ya bandia, ya plastiki, pana kama milimita sita. Mara nyingi kazi yenyewe haimalizi nusu saa na mgonjwa yuko macho, ameganzishwa jicho tu. Wa kwanza kuweka lenzi ya namna hiyo alikuwa daktari Mwingereza, Harold Ridley, London, Novemba 1949. Alikuwa ameona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege machoni, na macho yakakubali kukaa navyo.

Kilichonishangaza ni kabla ya upasuaji. Walimpima mama urefu wa jicho ili kuchagua nguvu ya lenzi. Na daktari akaeleza kwamba lenzi ya kawaida haivuti. Inawekwa kwa umbali mmoja. Akimwekea ya kuona mbali, kwa kusoma atatumia miwani. Akamuuliza, "Mama, siku yako inapitaje?" Mama akaeleza: shamba la maharage, njia ya kanisani, wajukuu wanaokimbilia barabarani. Wakakubaliana ya mbali, na miwani kwa ajili ya Biblia.

Nikajisemea, kumbe huyu mama wa darasa la nne amechagua lenzi kwa busara kuliko mimi mwenye digrii. Ameulizwa siku yake inapitaje, akajibu ukweli.

Kabla hujatoa hela

Sasa na wewe unayepanga kununua, nisikilize.

Anza na picha ulizokwisha kupiga. Hesabu kama nilivyohesabu. Kama huna, azima lenzi ya kuvuta ya kawaida, 24 hadi 105 au 24 hadi 70, itumie mwezi mzima ndipo uhesabu. Usihesabu za kwenye kundi.

Pima vyumba unavyopigia. Sebule na kumbi ndogo zinataka 35 au 50. Sura za watu nje, 85. Kanisani ambako padri hataki usogee, na viboko wa Katavi ambao wewe mwenyewe hutaki kuwasogelea, hapo ile 70 hadi 200 ina haki yake kamili. Siichukii. Haikuwa yangu tu. Na ukienda maporomoko ya Kalambo, yale ya mita zaidi ya 200 mpakani na Zambia, lenzi pana kama 24 itakushikia genge na anga kwa pamoja.

Angalia ukoo unaoolea, maana ukishanunua kamera umenunua na wakwe zake. Sony wana uhuru wa lenzi za kampuni nyingine kwa muda mrefu. Tamron kwa mfano waliwatolea 28 hadi 75 ya f 2.8 mwaka 2018, nyepesi, chini ya gramu 600. Canon walipofungua mlango kwa Sigma na Tamron mwaka 2024, ulikuwa kwa lenzi za kamera zenye sensa ndogo. Hiyo isikukatishe tamaa, ila uijue kabla.

Soma herufi. Kwa Canon, RF-S ni ya sensa ndogo, kwa Nikon ni DX. Ukiifunga kwenye fulu fremu itawaka, lakini kamera inakata pembeni. RP yangu yenye megapikseli 26 inabaki na kama 10. Wauzaji wengine hawakwambii, au hawajui.

Ya mtumba usiione haya. Ila mulika kwa tochi, zungusha kila pete, ifunge kwenye kamera yako upige hapo hapo dukani, tundu likiwa wazi na likiwa limefumbwa.

Na kama una mwenza, mwambie bei. Ya kweli. Hata leo nikitoka sokoni nikasema nyanya ni elfu tatu, mume wangu ananyoosha mkono, "Risiti." Tunacheka, lakini mkono unabaki umenyooshwa.

Mimi sasa nina lenzi mbili tu: 50 ya f 1.8 na 35 ya f 1.8, zote za mtumba. Zote mbili pamoja hazifiki nusu kilo. Lile kundi la WhatsApp nilijitoa.

Krismasi iliyofuata tulikuwa Malangali wote. Mama, jicho la kulia linaona, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani kwa kamba, akaomba picha za harusi. Akapokea albamu, akaifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akitaja watu. "Huyu mjomba wako amekonda. Keki nzuri. Huyu bibi harusi kumbe ana mwanya." Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, akapitia tena.

"Nzuri sana," akasema. "Lakini mwanangu, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo mama. Mimi ndiye niliyekuwa mbali."

Akafunga albamu, akajifunga kitenge vizuri, akasogeza kigoda mpaka dirishani. "Basi njoo hapa," akasema. "Na huyo mkwe wangu mwite, asikae kule kama mgeni."